Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Uchukuzi wa Afrika Mashariki: Tupeni njia halali ya kuvuka na pikipiki

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri, Baraza la Kisekta la Uchukuzi, Mawasiliano na Hali ya Hewa, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Nakala: Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), Kenya, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Tanzania, Magavana wa Homa Bay na Migori, Mkuu wa Mkoa wa Mara.

KUH: HATI RAHISI YA KUVUKA MPAKA KWA PIKIPIKI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Rodi Kopany, pale ambapo barabara ya Rongo kwenda Homa Bay inakutana na ile inayoteremka Ndhiwa hadi ziwani Karungu. Nimeendesha pikipiki hapa miaka kumi na mitano. Leseni ninayo, bima nalipa, helmeti navaa na abiria wangu namvalisha yake. Vijana wa steji yetu wananijua kama mtu wa kuwasumbua kuhusu karatasi. Natanguliza hayo ili mjue kwamba anayewaandikia haikimbii sheria. Nimeitafuta sheria hadi mpakani, na nilipofika sikuipata.

Nianze na safari moja. Mwaka jana, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mama wa rika la mama yangu mzazi alifika stejini akiwa amejifunga leso mbili na kushika mkoba wa nguo. Kaka yake alikuwa amefariki Shirati, wilayani Rorya, upande wa Tanzania. Mazishi yalikuwa siku ileile alasiri. Huyo mama alizaliwa huko na akaolewa huku, kama wanawake wengi wa ukoo wetu, na tangu utotoni amejua njia ya kwenda kwao kuliko ninavyoijua mimi. Aliniambia, "Mwanangu, nipeleke, lakini tupite njia nzuri. Sitaki kwenda kumlilia kaka yangu nikiwa najificha."

Nilimheshimu kwa neno hilo. Tukaacha vijia vinavyopita mashambani, ambavyo kila mtu wa huku anavijua, tukashika lami hadi kituo rasmi cha mpakani. Sitakitaja, wala sitamtaja afisa yeyote, kwa sababu niliowakuta walikuwa waungwana na shida haikuwa yao. Mama alipata karatasi yake ya kusafiria ya muda bila taabu. Ilipofika zamu ya pikipiki, kazi ikaanza. Dirisha moja liliniuliza kibali cha forodha cha kuingiza chombo kwa muda. La pili lilisema bima yangu ya Kenya inaishia hapo, na bima iliyopo ya kuvukia ni ya muda mrefu kuliko safari yangu. La tatu liliangalia leseni yangu, likaigeuza, likaangalia tena, likaniuliza kama kweli inaniruhusu kuendesha pikipiki ile. Kila afisa alijua kipande chake, na hakukuwa na mtu wa kuviunganisha. Jua lilikuwa limepanda. Nikaiacha pikipiki kwa muuza nafaka, nikamtafutia mama kijana wa bodaboda wa upande wa pili, nikamlipa.

Mama alifika kaburi likiwa limeshafunikwa. Jioni aliniambia kwamba wapwa zake wawili walitoka Ndhiwa na pikipiki yao saa mbili baada yetu, wakapita njia ya panya, wakafika mapema, wakashika jeneza. Waliovunja sheria walimzika mjomba wao, na sisi tulioifuata tulikosa mazishi. Nimelibeba jambo hilo tangu siku hiyo, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Waheshimiwa, ugeni wetu katika nchi hiyo jirani ni ugeni wa namna yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari unaotoka pwani hadi Ziwa Victoria, uishie pale digrii moja kusini mwa ikweta inapogusa ufuko wa mashariki wa ziwa. Pale ni karibu na Muhuru Bay ya leo, katika Kaunti ya Migori. Mstari huo uliwaacha Wajaluo Ndhiwa na Wajaluo Rorya, Wakuria Kehancha na Wakuria Tarime. Watu waliendelea kuoana, kuzikana na kuuziana ng'ombe. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Wazee wetu wanasimulia misiba waliyoisikia kwa kuchelewa miaka ile. Jumuiya mpya ilipoanza kazi Julai 2000, na soko la pamoja Julai 2010, tuliambiwa mambo hayo yamekwisha. Kwa mtu anayetembea kwa miguu yameboreka sana, nashukuru. Kwa mtu aliyepanda pikipiki yake mwenyewe, bado.

Na pikipiki ndiyo miguu yetu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na tangu hapo vijiji vyetu havikurudi nyuma. Omena wa Karungu, mahindi ya Ndhiwa, mgonjwa wa usiku, mtoto wa shule, mbolea, hata jeneza, vyote vimepita juu ya kiti cha pikipiki. Huku kwetu lori linaonekana siku ya soko na msimu wa miwa. Pikipiki inaonekana kila dakika.

Hata jina la kazi yetu lilizaliwa mpakani. Ni huko Busia, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli waliowabeba watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda walipokuwa wakiita abiria: boda, boda. Maana yake ilikuwa mpaka hadi mpaka. Kazi hiyo ilianza kwa kuvusha watu, jina likasambaa Afrika Mashariki nzima, injini ikachukua nafasi ya pedali. Leo mwenye jina hilo anaweza kwenda popote isipokuwa pale jina lake lilipotoka.

Sasa niwaonyeshe kile ambacho mmekifanya vizuri, kwa sababu ndicho kinachonipa moyo wa kuwaomba. Lori mmelitengenezea njia. Ipo Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013, inayosema lori lisizidi tani 56, na tani hizo ni zilezile likiwa Mombasa, Kampala au Mwanza. Ipo sheria ya vituo vya pamoja vya mpakani, inayomwezesha dereva kusimama mara moja tu, upande anaoingia. Ipo Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayovuka mipaka tangu miaka ya 1980, ambayo Tanzania imebaki ndani yake hata baada ya kutoka COMESA mwaka 2000. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, yenye utaratibu wa kuingiza chombo kwa muda. Haya yote ni kazi nzuri. Lakini vazi hili lilishonwa kwa kipimo cha lori, na linapotupiwa juu ya pikipiki ya kilo mia na ushei, mwenye pikipiki anajikwaa ndani yake. Dereva wa lori ana wakala wa kumwandikia fomu na kampuni inayomlipia bima ya mwaka. Mimi nina abiria mmoja, mafuta ya elfu moja, na msiba wa alasiri.

Mama muuza vitunguu naye mmemtazama. Mliona kwamba hawezi kuvuka na magunia mawili kwa makaratasi ya kontena, mkamwekea utaratibu wa biashara rahisi: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupata hati rahisi ya uasili palepale mpakani. Mlipokubali hilo, mlikubali jambo kubwa: kwamba mtu mdogo akipewa karatasi ya kipimo chake, ataijaza. Ombi langu zima linasimama juu ya msingi huo. Mama wa vitunguu mlimpa hati rahisi. Pikipiki iliyombeba hadi kituoni nayo ipewe yake.

Niwaeleze ni wapi hasa sheria inatukata, maana ukisema "mambo ya mpakani ni magumu" hujasema kitu.

La kwanza ni leseni. Kenya imegawa leseni za pikipiki katika madaraja. Daraja A3, ambalo ni langu, ni la pikipiki za kubeba abiria na vifurushi, pamoja na za magurudumu matatu. Nchini Tanzania A3 ni pikipiki ndogo ambayo injini yake haizidi cc 50. Pikipiki yangu ni cc 150. Herufi ileile, namba ileile, maana mbili. Trafiki wa ng'ambo akisoma leseni yangu kwa macho ya sheria yake, ataona mtu aliyeruhusiwa kuendesha kijipikipiki akiwa juu ya chombo kikubwa mara tatu. Na kijana wa Tarime mwenye daraja A1, ambalo kwao ni pikipiki isiyozidi cc 125, akifika kwetu trafiki wa Kenya ataona A1 ya Kenya, ambayo ni ya pikipiki isiyozidi cc 50. Wote wawili wamefuzu mtihani, wamelipa ada, wanaendesha vizuri, na wote wawili wanaonekana wahalifu kwa sababu ya herufi.

La pili ni maneno yenyewe. Kwetu hati ya umiliki wa chombo tunaiita logibuku. Ng'ambo inaitwa kadi. Nimeshuhudia mwenzangu akiulizwa "kadi iko wapi?" akatoa kitambulisho, akaulizwa tena, akatoa leseni, mwisho akaonekana mkaidi. Watu wawili wanaozungumza Kiswahili walishindwa kuelewana katika Kiswahili. Jumuiya imekikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Basi kianze kazi pale kwenye dirisha la mpakani.

La tatu ni bima. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inanilazimisha kuwa na bima ya mtu wa tatu, na hiyo ni haki, kwa sababu nikimgonga mtoto wa mtu lazima awepo wa kumtibu. Nikivuka, wajibu huo unabaki palepale. Mtoto wa Rorya ana mifupa kama mtoto wa Ndhiwa. Ninachokosa ni bima ya siku moja au wiki moja, ya bei ya pikipiki, ninayoweza kuilipia kwa simu nikiwa nimesimama kwenye foleni. Panapokosekana bima ya namna hiyo, watu wanavuka bila bima kabisa, na anayeumia ni yule mtoto.

La nne ni kitambulisho. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa kuanzia mwaka 2014. Upande wa Tanzania bado inahitajika pasipoti au karatasi ya muda. Silalamikii hilo leo. Nalitaja kwa sababu ile karatasi ya muda ingeweza kuongezwa mistari mitano tu kuhusu pikipiki, na sehemu kubwa ya ombi langu ingekuwa imetimia bila kuunda ofisi mpya.

Niruhusuni nitoke nje ya eneo letu kidogo, nirudi na mfano. Pikipiki nyingi za bei nafuu zilizotufikia zilitoka China. Haojin, mojawapo ya zile tunazozifahamu sana, hutengenezwa Guangzhou, jiji ambalo tangu Januari 2007 limepiga marufuku pikipiki katika eneo lake la mjini. Kijana wa kwetu anayekwenda kusoma huko hufundishwa mapema kwamba China haitambui leseni ya kimataifa. Akitaka kuendesha kihalali, hutafsiri leseni ya kwao, hupimwa macho, hufanya mtihani wa nadharia na lazima apate alama 90 kwa 100, ndipo apewe leseni ya Kichina. Anayekaa chini ya miezi mitatu huomba ya muda. Pikipiki ya kawaida ya magurudumu mawili ina daraja lake, E, na kila jiji linasema wazi wapi inaruhusiwa na wapi hairuhusiwi. Ni sheria kali, wala siwaombi muige ukali huo. Naomba muone kwamba mgeni kule anajua mlango uko wapi na unafunguliwa kwa kitu gani. Kati ya Kenya na China hakuna jumuiya, hakuna wajomba, hakuna makaburi ya pamoja. Hata hivyo mtoto wa Rodi Kopany anaweza kueleza sheria ya pikipiki ya China kwa mgeni vizuri zaidi kuliko ninavyoweza kueleza ile ya wilaya ninayoiona nikipanda kilima.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi ya ombi hili. Nimezisikia stejini, na nimezisikia kwa maafisa wastaafu. Nazijibu kwa heshima.

Watasema pikipiki za wizi zitavuka. Ni kweli pikipiki huibwa huku zikauzwa kule, na za kule zikauzwa huku. Wenzangu wawili wamepoteza zao namna hiyo. Lakini mwizi hapangi foleni. Mwizi yuko kwenye njia ya panya saa nane usiku. Mkituandikisha sisi tunaopita mchana, kwa namba ya usajili na namba ya chasisi, na orodha hiyo ikaonekana pande zote mbili, mtakuwa mmewapa polisi kitu ambacho leo hawana: uwezo wa kusema pikipiki hii haikupita kihalali. Maadamu wote tunapita kichakani, mwizi anafanana na mwombolezaji.

Watasema tutachukua kazi za vijana wa ng'ambo. Hofu hiyo ina uzito. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia hapaswi kuzifanya, na usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi ni mojawapo, sawa na kununua mazao shambani. Wakenya wengi walikasirika. Mimi nasema hivi: kusafiri ni jambo moja na kufanya biashara ni jambo lingine, na hati ninayoiomba itenganishe hayo mawili. Nimpeleke mama yangu Shirati nimrudishe, nisiokote abiria Tarime. Kijana wa Shirati amlete mgonjwa wake Homa Bay, amsubiri, amrudishe, asipange foleni kwenye steji yangu. Kila steji ibaki na wenyewe. Mwendesha boda yeyote anaielewa kanuni hiyo bila kufundishwa, kwa sababu ndivyo steji zote zinavyoishi, hata za vijiji viwili vinavyotazamana.

Watasema waendesha boda hawana nidhamu. Hapa nainamisha kichwa. Wapo miongoni mwetu wanaopakia watu watatu, ilhali Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja. Wapo wanaoning'iniza helmeti kwenye usukani. Wapo waliojifunza kuendesha Jumamosi wakabeba abiria Jumapili. Machi 2022 taifa zima lilipata aibu pale kundi la waendesha boda lilipomdhalilisha mwanamke, mgeni katika nchi yetu, barabarani Nairobi. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya, na waendesha pikipiki ni miongoni mwa makundi yanayozikwa zaidi. Sitatetea lolote kati ya hayo. Lakini nimekaa na vijana hawa miaka mingi na nimejifunza jambo. Kijana anayejua kwamba leseni itamfikisha mahali huitafuta leseni. Kijana anayeona mwenye leseni na asiye nayo wakilipa kitu kilekile kwenye kila kizuizi, huona leseni kama pesa iliyotupwa. Hati ya kuvuka itolewe kwa mwenye leseni, bima na helmeti mbili tu. Mtashangaa ni wangapi watakimbilia mtihani.

Na lazima niseme habari ya upande wetu, nisije nikaonekana nalia peke yangu. Pikipiki ya Tanzania hujulikana kwa mbali kwa zile herufi MC kwenye namba yake, kama zetu zinavyoanza na KM. Nimewaona vijana wenye MC wakisimamishwa huku kwetu wakiwa wamewapakia wazazi wagonjwa, wakazungushwa kwa maswali yasiyo na majibu, wakaondoka wakiwa wepesi mfukoni. Nimewaona pia wenzangu wa steji wakisimama kando na kucheka. Ninachokiomba kwa ajili yangu nakiomba kwa ajili yao kwanza. Haki ya mpakani ikiwa ya upande mmoja haidumu msimu mmoja.

Basi, Waheshimiwa, haya ndiyo maombi yangu matano.

Moja, toeni jedwali moja la madaraja ya leseni za pikipiki za nchi wanachama, lionyeshe A3 ya Kenya ni sawa na ipi Tanzania, Uganda na kwingineko. Libandikwe kila kituo cha mpakani na kila kizuizi cha trafiki katika kaunti na wilaya za mpakani. Ni ukurasa mmoja.

Mbili, anzisheni hati rahisi ya kuvuka kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Iwe na jina la mwendeshaji, namba ya usajili, namba ya chasisi, jina la abiria, aendako, sababu ya safari na siku ya kurudi. Iwe halali kwa siku saba. Iwe katika Kiswahili ambacho Mkenya na Mtanzania wote wanakielewa: iandike "kadi au logibuku", basi.

Tatu, zungumzeni na wadhibiti wa bima wa nchi zetu ili ipatikane bima ya mtu wa tatu ya siku moja hadi saba kwa pikipiki, inayonunuliwa kwa simu, inayotambulika pande zote.

Nne, ada yoyote iandikwe ubaoni, kwa herufi kubwa, kwa shilingi za nchi zote mbili, na kila malipo yawe na risiti. Pale bei inapoonekana, hata afisa mwaminifu anapumua, kwa sababu hakuna atakayemshuku.

Tano, vikumbukeni vivuko vidogo. Isebania na Sirari, Taveta na Holili, Lunga Lunga na Horohoro vina majengo. Lakini watu wa ufuko wa ziwa wanavukia Muhuru na Kirongwe, na kumzungusha mwombolezaji hadi kituo kikubwa ni kumwambia apite kichakani. Afisa mmoja mwenye simu na daftari anatosha.

Nasi tuna cha kutoa. Nimezungumza na wenzangu, na walio tayari wameniambia niandike. Steji yetu itaweka daftari la kila anayevuka na siku anayorudi. Atakayetumia hati hiyo kuokota abiria ng'ambo, tutamsimamisha kazi kabla hamjatuandikia. Atakayevuka na watu watatu, hatutamtetea. Atakayepatikana na pikipiki ya wizi, tutawapa polisi jina lake. Na kijana wa MC akija Rodi Kopany na hati yake mkononi, atapewa maji na kivuli, na hatasumbuliwa na mtu wa steji yetu.

Msisubiri nchi zote nane zikubaliane. Anzeni na mpaka mmoja, mwaka mmoja. Anzeni na huu wetu wa ziwani, ambapo lugha ya nyumbani ni moja na makaburi ni ya pamoja. Hesabuni pikipiki zilizopita, ajali, wizi na ada iliyokusanywa. Ikishindikana, futeni, nami nitakubali kwamba nilikosea. Ikifaulu, ipelekeni Busia, ambako jina letu lilizaliwa.

Yule mama bado yuko. Mwezi uliopita alinisimamisha sokoni, akaniambia shemeji yake wa Shirati ni mgonjwa na umri umekwenda. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu, nami nilijua anauliza nini: tukiitwa tena, tutapita njia gani?

Nataka niweze kumjibu. Chapisheni fomu hiyo, hata nakala chache za majaribio, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Nitaandika jina langu. Nitaandika namba ya KM na namba ya chasisi, ambayo naijua kwa moyo. Kwenye idadi ya abiria nitaandika mmoja. Kwenye siku ya kurudi nitaandika kesho yake jioni. Na pale panapoulizwa sababu ya safari, nitamwachia mama kalamu aandike mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mwendesha pikipiki,
Steji ya Rodi Kopany, Kaunti ya Homa Bay.